Nguruwe wa Nusu kwa Nusu

Haya nimeyapata kwa mkamwana wangu Yelba. Alinisimulia asubuhi ya mkesha wa Krismasi, tunasuuza masufuria, na mambo yenyewe yalikuwa ya jana yake.

Nyuma ya kanisa letu amepanga mama mmoja wa Kiholanzi, Marijke. Siku za Pasaka jirani yake, don Evaristo, alimpelekea kitoto cha nguruwe. "Shika, mama, umfuge. Krismasi tutaonana."

Kwetu hata mtoto anajua maana yake: mnyama atachinjwa, mwenye mnyama na mfugaji watagawana nusu kwa nusu. Marijke akaona kapewa zawadi. Akalia, akamkumbatia Evaristo mbele ya mkewe. Nani angemweleza? Hakuna aliyejua kwamba hajui.

Akamwita Pim. Akawa anamwogesha kwa sabuni, anamlaza jikoni, anamkatia mapapai. Watu wakipita wanamsifu na kumwita doña, yaani bibi, "Doña, una mkono wa kufuga wewe! Huyo atatoa mafuta debe zima!" Naye anacheka, akidhani ni utani, anashukuru.

Basi siku hiyo, kumepambazuka tu, Evaristo akaingia uani na mkewe Nubia, na kamba, na kisu, na sufuria kubwa. Yelba alikuwa nao, kaitwa kusaidia kazi. Marijke akawatilia kahawa. Alidhani wamekuja kumsalimu. Alipoiona kamba shingoni mwa Pim ndipo akasimama.

"Hapana. Huyu wangu."

"Nusu yako, doña," Evaristo akamjibu kwa upole. "Mimi si mtu wa kudhulumu. Na kichwa chukua wewe, umefuga vizuri."

"Nitakununulia mwingine. Wawili!"

"Leo? Utampata wapi leo? Wanangu wameshuka na basi jana kutoka Kosta Rika, mwaka mzima wanafagia nyumba za watu. Niwape nini, hiyo sabuni yake?"

"Anaoga kukushinda wewe, mwanamume," Nubia akasema, wakacheka.

Marijke akamkumbatia nguruwe. Alifungua kinywa, Kihispania chote kimempotea. Nubia alipoyaona machozi akaacha kucheka.

"Mtoeni huyu mama hapa. Anamwonea huruma."

 Mnyama akionewa huruma hafi upesi, roho inang'ang'ania. Ndivyo tulivyolelewa.

Yelba akamshika mkono. "Twende, doña. Ukikaa utamtesa."

"Nimtese vipi? Nampenda."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Marijke akawatazama mmoja mmoja. Angekuwepo hata mtu mbaya mmoja, angemgombeza. Hakuwepo. Akamwachia Pim.

Yeye na Yelba wakakaa kwenye ngazi za kanisa. Kilio cha nguruwe kikaanza, na hakikukatika.

"Yelba, ni mimi?"

"Fikiria kitu kingine. Fikiria theluji ya kwenu, fikiria chochote."

"Siwezi."

Akaziba masikio, anasema maneno ya kwao. Kilio kikaendelea. Na Yelba, aliyeona nguruwe wakichinjwa tangu ananyonya, akajikuta naye anamwonea Pim huruma, na hakujua aizuie wapi.

Jioni Evaristo akaleta nusu, ya haki kabisa, beseni limejaa, kichwa juu. Na tamale za moto, unga wa mahindi uliopikwa na nyama ndani ya majani ya mgomba.

"Krismasi njema, doña. Nyama tamu namna hii hatujawahi kula!"

"Asante," akasema. 

Kwa joto hili nyama haingoji. Yelba akaomba ruhusa, akaikata, akaipaka chumvi yeye mwenyewe. Marijke alikaa anatazama, halafu akaenda kujilaza, uso ukutani. Yelba akavuta kiti karibu, akamwekea mkono mguuni, akakusudia kuondoka mwenzake akishalala.

"Yelba. Pasaka ataniletea mwingine?"

"Ataleta, doña. Ameshakuchagulia."

 Marijke alipitiwa na usingizi baada ya muda mrefu, na Yelba naye ukamchukua pale pale kwenye kiti.