Nusu ya Matone

Sista Eddah alipochomoa pamba sikioni, harufu ilimjibu kabla Kitsao hajafungua kinywa.

"Mzee, dawa ulimaliza?" alipaza sauti.

"Nilimaliza, Sista."

Hakusema uongo. Alimaliza kweli, ila alichomaliza ni nusu.

Wiki mbili nyuma, katika kliniki hii hii, watu wazima wenye masikio ya kutoka usaha miaka nenda miaka rudi waliokota bahasha kama kura. Wengine walipata vidonge vya kumeza, wengine dawa ya matone, ili ijulikane ipi inakausha sikio. Kitsao alipata vidonge. Mejumaa, muuza mahamri wa Majengo aliyeketi naye benchi moja, alipata matone. Wakatazamana kama wageni waliopakuliwa sahani mbili tofauti.

"Kakangu, na kama yako ndiyo yenyewe?" Mejumaa aliuliza.

"Na kama ni yako?"

"Basi tugawane nusu kwa nusu. Asikose mtu."

Wote wawili walilelewa kuona aibu kula huku jirani anaangalia. Kwa hiyo kila mmoja alitumia matone siku saba na vidonge siku saba, chupa ikihama mkono katikati. Sikio la Kitsao lilikauka siku tano, akashangilia kama mtoto. Halafu likafunguka upya.

Sasa Sista alimtazama kwa upole, na upole ule ndio uliomshinda. Akayasema yote. Sista akaweka kalamu chini.

"Wa matone wanakauka, Mzee. Wa vidonge wengi bado wanavuja. Lakini nyinyi wawili si wa matone wala si wa vidonge. Itabidi niwatoe kwenye jaribio."

"Nitoe, lakini nipe chupa nyengine! Nakuomba, Sista. Sikio la kulia lilikufa zamani. Hili ndilo linalonilisha."

"Chupa zilikuja kwa majina ya watu, na madukani dawa hii haijafika. Zikija nyingine nitakuita."

"Lini?"

Sista alichukua chuma chenye pembe mbili cha kupimia usikivu, akakigonga, akakisogeza sikioni. Kimya. Akakibandika kwenye mfupa nyuma ya sikio, nacho kikaimba ndani ya fuvu, wazi kabisa. Kitsao akatokwa na machozi.

"Ndani bado pazima," Sista alisema. "Kwa sasa."

Saa kumi Kitsao alikuwa stesheni na nyundo yake. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu ya treni kabla haijaondoka: gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hukohoa. Bwana Ronald, msimamizi, alikuwa amempa mpaka leo alete barua ya daktari kwamba amepona. La sivyo, kesho nyundo ingeshikwa na mwingine. Barua hakuwa nayo.

Akagonga la kwanza. Alisikia kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. La pili, vivyo hivyo. Hofu ikamwingia, na haikuwa hofu ya kazi tena. Madirishani akina mama walikuwa wakipokea vifurushi, watoto wakipunga mikono.

"Kitsao! Vipi huko?" Bwana Ronald aliita, akiangalia saa.

Kitsao alirudi kwenye gurudumu la kwanza, akapiga magoti juu ya kokoto, akabandika mfupa wa nyuma ya sikio kwenye chuma chenye grisi, akagonga. Likaimba. Abiria mmoja akaangua kicheko, wenzake wakaitikia. La pili likaimba. La tatu na la nne pia, usaha ukimtiririka shingoni hadi kwenye kola.

La tano lilitoa kitu kingine, kama kikohozi. Au ni sikio? Akagonga tena, na hakupata hakika.

Bwana Ronald alikuwa tayari ameikunjua bendera ya kijani ya kuiruhusu treni. Kitsao, kichwa bado kimebanwa kwenye gurudumu, aliinua mkono mmoja juu kuwaomba watu wote wa treni ile wanyamaze, kisha akagonga mara ya tatu.