Kisima cha Baba Mkwe

“Mwambie baba yako ainuke pale kisimani,” nilimwambia Kenani. “Hataki, basi aendelee kuchimba makaburi, udongo bado laini.”

Kenani, mdogo wake mume wangu, aligeuza shingo. Kisima kilikuwa hatua kumi na tano tu. “Baba, shemeji anasema uinuke.”

“Nimemsikia. Mwulize kama chuoni walimpa cheti cha kutukana wakwe.”

“Shemeji, baba anauliza...”

“Nimemsikia na mimi. Mwambie walinipa stashahada ya afya, na somo zima lilikuwa la visima.”

Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta wa jiko, mgongo upande wa kisima, khanga nimeivuta mpaka machoni. Kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba wa mumewe. Akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Miaka kumi na moja ya ndoa nilikuwa namjua Mzee Zebedayo kwa kikohozi chake tu na mlio wa fimbo yake. Naye alilijua hilo vizuri. Asubuhi ile aliposikia gari limeingia Bujonde na mkwe wake yumo, alichukua kigoda akaenda kukaa juu ya mbao zinazofunika kisima. Hakuhitaji panga wala mbwa. Kwa bibi afya wa kata, ambaye pia ni mke wa mwanawe, kigoda kilitosha.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka tisini na nne, na maji yalikuwa yamefunika mashamba ya mpunga mpaka kwenye vibaraza. Vyoo vilikuwa vimejaa na kumwagika. Kipindupindu kiliingia boma lile Jumapili, kikamshika mke mdogo wa mzee. Jumatatu msaidizi wangu Tuntufye alikuja kutia klorini kisimani, akaeleza, akaondoka. Usiku uleule yule mama akafa. Mgonjwa alikuwa anaumwa kabla ya dawa, lakini nani alihesabu? Wakasema dawa ndiyo imemuua. Kesho yake wanaume wa boma walisimama mstari na ndoo wakakichota kisima chote, kutwa nzima, mpaka tope, ili kuitoa sumu.

Kisima kilichokaushwa hujijaza chenyewe, na maji hutoka kule yaliko karibu. Yaliyokuwa karibu ni ya choo. Alhamisi alikufa mjukuu. Alfajiri ile, Jumamosi, alikufa Rut, wifi yangu, miaka ishirini na sita, macho yameingia ndani na ngozi ya vidole imekunjamana kama ya mtu aliyeshinda anafua. Alikuwa ndani, hajazikwa. Watoto wake watatu walikuwa uani, hai, na kiu.

Na msiba ulikuwa unakusanyika. Watu wa Makwale walishafika, wa Itungi walikuwa njiani, wajomba wa Karonga walikuwa wanasubiriwa wavuke mto Songwe. Wanawake walikuwa wanachota maji chini ya miguu ya mzee, ndoo baada ya ndoo, ya kupikia wali na ya kunywa. Watu mia mbili wangekunywa pale na kwenda nayo makwao tumboni.

“Mwambie,” nilisema, “maji haya ndiyo yaliyomuua binti yake.”

Safari hii mzee hakumsubiri Kenani. “Maji haya nimekunywa miaka arobaini. Kilichoingia humu ni unga wenu.”

“Wametumwa,” alisema kijana mmoja aliyeegemea mgomba. “Wanatupunguza kabla ya uchaguzi.”

“Wametumwa na chama gani?” nilimuuliza.

“Chochote. Sasa si viko vingi?”

Wengine wakacheka, na nilidhani kicheko kile kimetulegeza. Nilikosea. Nikamwambia Tuntufye aende. Yeye si mkwe wa mtu pale, hakuna mila inayomzuia. Alibeba ndoo yake ya klorini akavuka ua taratibu, akiinama mbele ya wazee kama alivyolelewa, akiwashukuru kwa Kinyakyusa, “Ndaga, baba, ndaga.” Alikuwa bado anasema ndaga Kenani alipomfikia kwa nyuma na mchi wa kutwangia.

Mlio ulikuwa kama wa nazi kugonga sakafu. Tuntufye alipiga magoti. Pigo la pili lilimkata sikio, likabaki linaning'inia. Vijana wakamvamia, mateke ya mbavu, mateke ya uso, na mmoja akachota unga kwenye ndoo iliyopinduka.

“Onja sumu yako wewe kwanza.”

Walimfumbua taya kwa vidole wakamshindilia. Alikohoa povu jeupe, kisha jekundu.

Khanga yangu sijui niliiangushia wapi. Nilichomoa mwiko mrefu wa wali kwenye sufuria la msiba, nikampiga nao Kenani usoni kwa ubapa. Pua yake ilivunjika, niliisikia mpaka kwenye kiganja. Nikampiga yule wa unga kwenye vidole, halafu kwenye goti. Jiwe likanipata shavuni na jino likatoka. Nililitema. Nilimshika Tuntufye chini ya makwapa nikamburuta kinyumenyume kuelekea barabarani, mwiko bado mkononi, huku mawe yakipiga ukuta wa jiko na wanawake wakipiga yowe lisilokuwa tena la Rut.

Mansuri alishawasha gari. Ni mfanyabiashara wa mjini, ana duka Kyela na mashine za kukoboa mpunga, na idara haikuwa na gari la kutupa, ndiyo maana tulikwenda na pikapu yake. Tulimrusha Tuntufye nyuma. Pumzi alikuwa nayo. Nilimsukutua mdomo kwa maji yangu ya chupa mpaka chupa ikaisha, nikamfunga sikio kwa kitambaa.

“Panda, mama, twende,” Mansuri alisema. “Hawa watatuchoma na gari.”

“Hawatatufuata. Wana wageni wa kulisha.”

“Basi tukaite polisi.”

“Polisi wangapi? Na wafike saa ngapi?”

Kutoka pale niliona mzee amerudi kwenye kigoda chake, na binti mkubwa wa Rut amechuchumaa pembeni, anamnywesha mdogo wake kwa kopo. Alikuwa anampa polepole, kwa adabu, kama mama yake alivyomfundisha.

Chuoni walitufundisha kutia dawa, kufunika, kuzungushia uzio na kuelimisha jamii. Sisi tulikuwa tumeelimisha tangu Jumatatu.

Nikaona dumu la lita ishirini nyuma ya kiti.

“Hiyo nini?”

“Dizeli. Ya mashine yangu ya Makwale.”

“Nipe.”

Alinitazama, akatazama kule nilikokuwa natazama. “Mama, hicho ni kisima cha watu. Hakitanyweka mwaka mzima.”

“Ndiyo maana yake. Klorini haina ukali wa kumzuia mtu. Dizeli hata mtoto wa miaka miwili anaitema, hahitaji semina. Pampu ya shule ina maji safi, ni dakika ishirini kwa miguu. Watatembea.”

“Na wakikuua?”

“Mpeleke Tuntufye hospitali, usinisubiri. Ondoa gari, Mansuri.”

Nilibeba dumu begani nikaingia uani bila khanga, kichwa wazi, njia ya katikati ambayo sijawahi kuikanyaga. Yowe likakatika. Wanawake waliinamisha nyuso kwa kunionea aibu. Hata vijana walirudi nyuma, mawe mikononi, kwa sababu hawakujua mtu anampigaje mwanamke anayefanya jambo ambalo halijafanywa.

Nilimtazama baba mkwe wangu usoni. Alikuwa mdogo kuliko kikohozi chake. Macho yalikuwa mekundu kwa kumlilia binti yake, na aliponiona aliyaziba kwa kiganja, maana mila inamfunga na yeye.

“Baba,” nilisema, bila Kenani, “sogea.”

Hakusogea. Nilimsukuma kwa bega, kigoda kikapinduka, akaanguka ubavu kwenye tope. Nilivuta mbao mbili. Nilifungua kifuniko cha dumu kwa meno yaliyobaki na kuliinamisha.

Fimbo yake ilinipata mgongoni. Alikuwa anapiga akiwa amelala, amefumba macho, hivyo mara anipate, mara apate hewa. Nilisikia miguu ya Kenani ikija na pumzi yake kwenye pua iliyovunjika. Mchi ulitua kwenye kiwiko changu cha kushoto na mkono ukafa palepale. Nikaliegemeza dumu kwenye paja nikashikilia kwa wa kulia. Harufu ilipanda mpaka watoto wakajiziba pua.

Mchi ulipanda tena. Dumu lilikuwa limebakiwa na kama lita tatu. Nilizimimina zote, kisha nikalitupa na dumu lenyewe ndani.