Kamba Zilizolegea

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, kisha Jumapili jua likawaka kutwa. Jumatatu jua lilipochomoza, nyapara Safari akapiga filimbi mapema: kila mtu juu! Jengo lile la ghorofa tatu pale Chumbageni lilibakiza lipu ya ukuta wa mbele tu.

Luka mwashi alishika nguzo ya jukwaa la kupandia, akaitikisa. Boriti za mikoko zilikuwa nzima, lakini kamba za mkonge zilizozifunga zilicheza. Kamba ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Hakuna mwashi wa Tanga asiyelijua hilo.

"Bwana nyapara, mafundo yakazwe upya kwanza."

"Yakazwe na nani? Mfungaji yuko msibani Pangani, na tajiri anakuja adhuhuri. Kama waogopa, rudi kwenu Lushoto ukalime viazi."

Watu wakacheka. Luka hakucheka. Mwaka uliopita alimwona rafiki yake Ernesti akidondoka kutoka paa la ghala, na tangu siku ile kila akipanda nyayo humtoka jasho. Lakini kule nyumbani Mabawa mkewe Benedikta na watoto wawili walimtazama yeye. Akamwamkia mwashi mwenzake, Mzee Mwinyijuma, "Shikamoo," wakapanda.

Ghorofa ya tatu walisimama ubao mmoja, kila mtu na ncha yake. Saa nne hivi kitu kikalia *tak!* Upande wa mzee ubao ukashuka shibiri nzima. Karai la lipu likaporomoka, na ikapita kitambo kabla hawajalisikia likigonga chini.

"Mzee, usisogee!"

Mwinyijuma alikuwa amejibandika ukutani kama mjusi, midomo ikisoma dua. Dirisha lilikuwa upande wa Luka, hatua moja tu. Luka akapeleka mguu polepole, akashika kizingiti, akajiingiza ndani.

"Luka! Waniacha?"

Sakafu ilikuwa ngumu chini yake. Alikaa pale, mgongo ukutani, akimsikia mzee akimwita mara ya pili, na ya tatu, na mwili wake ukimwambia: wewe umepona, tulia.

Kisha akaiona kamba ya kupandishia makarai, inaning'inia nje ya dirisha. Akatambaa, akaivuta ndani, akaizungusha mara mbili kwenye nguzo ya zege na kumrushia mzee ncha yake.

"Jifunge chini ya makwapa! Upesi!"

Mzee alikuwa ndiyo kwanza amekaza fundo, jukwaa likaondoka, naye akabaki akining'inia. Boriti zilianguka kwa kishindo kilichosikika hadi barabarani; wenzao wa chini walikuwa wameshakimbilia kando. Kamba ikamchuna Luka viganja, lakini hakuiachia, hata walipofika wenzake wawili wakamsaidia kumvuta mzee ndani, mkono mmoja umevunjika, hai.

Adhuhuri tajiri alipofika aliwakuta mafundi wote wameketi chini kwenye kivuli cha ukuta. Hapandi mtu, walimwambia, mpaka jukwaa lifungwe upya. Safari alitazama viatu vyake.

Luka hakuyaona hayo. Alikuwa hospitali, amekaa kando ya kitanda cha mzee, viganja vyake vimefungwa bandeji.

"Ulikawia mle ndani," alisema Mwinyijuma.

Luka akainamisha kichwa. "Niliogopa, mzee wangu. Nilitaka kubaki mle mle."

Mzee aligeuzageuza vidole vya mkono wake mzima.

"Hata mimi ningekawia," akasema. "Hebu nipe maji."