Baruti Isiyobakiza Kitu Mtutuni

Jumamosi asubuhi, wiki mbili kabla ya msimu wa kuwinda kufunguliwa, Lourens Esterhuyse alipanga makopo matatu ya baruti juu ya meza ya gereji. Alijaza maganda kumi na matano ya risasi, matano kwa kila baruti, akipima kwa mizani ndogo kama anayepima dawa ya mtoto. Bunduki ilikuwa ya marehemu baba yake. Abram Jantjies, aliyefanya kazi shambani pale tangu ujana, alikwenda kusimamisha boksi tupu mita mia moja mbele, akarudi.

Baruti ya kwanza ilitawanya risasi boksi zima, na mlio ulikuwa mlio tu. Ya pili ilizikusanya kidogo. Bunduki ikasema, "Kisima," ikakohoa. Ya tatu ilipitisha zote tano karibu tundu moja, na kila bunduki ilipolia ilisema kwa sauti ya marehemu mzee Esterhuyse, bila kukwama: "Kipande cha shamba cha kisimani nilimwandikia Abram. Lourens akaichoma karatasi."

Abram alikwenda kulitazama boksi.

"Zimekaaje?" Lourens aliuliza.

"Sarafu moja inazifunika zote, bosi."

"Na upepo ulikuwepo."

"Ulikuwepo."

Mchana Lourens alikwenda mjini kwa Shangazi Miemie, mjane aliyeuza baruti, mbolea na vitambaa vya pazia. Akamweleza yote.

"Ndiyo tabia yake hiyo," alisema Shangazi Miemie. "Inaungua polepole, haibakizi kitu mtutuni. Mchungaji wa kanisa lenu aliirudisha ilipoanza kumtaja, akachukua ile ya haraka. Mwaka wa tatu huu hajaangusha hata swala, lakini mkewe bado yuko nyumbani."

"Nikipunguza kipimo?"

"Itasema kwa mafumbo. Lakini utajeruhi wanyama."

Hapo ndipo alipoguswa. Zamani Lourens aliwahi kumpiga tandala tumboni, akafuata damu siku mbili kwa miguu, na alipomkuta bado anahema alilia hadi Abram akalazimika kumshikia bunduki. Aliapa hatamtesa tena kiumbe wa Mungu. Akanunua makopo mawili ya baruti ile ya tatu.

Siku ya kufungua msimu majirani walikuja na kahawa na soseji zao. Tandala dume alijitokeza mlimani. Lourens alifyatua mara moja, na mnyama akaanguka palepale aliposimama. Maneno ya mzee yalikwenda hadi kwenye jabali, yakarudi, hata waliokosa mwanzo wakaupata. Majirani wakavua kofia. Frikkie van Zijl, waliyepakana naye mashamba, alitoa penseli.

"Umeweka kipimo gani?"

Lourens akamtajia. Frikkie akaandika, akaomba arudiwe tarakimu ya mwisho.

Abram na Lourens wakapanda kumchuna mnyama.

"Ile karatasi ilikuwa mistari mitatu tu, Abram," Lourens alisema, macho kwenye kisu.

"Mimi kisima nilikichimba miezi minane, bosi."

"Najua. Maji yake matamu."

"Sana."

"Haya, shika huo mguu."

Abram akaushika.

Msimu ule Lourens aliangusha tandala tisa, kila mmoja kwa risasi moja, na wilaya nzima ikamsifu kwa huruma yake. Geti la kisimani lilibaki na kufuli. Upande wa shamba wenye mawe, kwenye nyumba ya mabati ya Abram, mkewe Sanna alikuwa akianika nguo maneno yale yalipovuka kilima kwa mara ya tisa. Aliyasikiliza mpaka mwisho, akabana shati la mwisho kwenye kamba.

"Leo kuna maini," aliwaambia wajukuu, akaingia ndani kukata vitunguu.