Sahihi ya Pili

Jina la Kimya alibandikwa na wenzake chuoni, kwa jinsi alivyotulia alipokuwa akimpima mtu. Masomo ya saikolojia alikuwa ameyamaliza. Kilichobaki ni kufanya kazi chini ya msimamizi mpaka baraza la taaluma limsajili. Msimamizi wake, mama wa makamo waliyemwita Bibi Daktari, alisoma kila ripoti neno kwa neno, akamrudishia mara mbilimbili, ndipo akatia sahihi yake chini ya ile ya Kimya.

"Wewe bado mwali," alimtania. "Hutoki nje bila somo wako, kungwi wako mimi."

Ndipo akaja mshonaji. Mumewe alipofariki, akili ilimruka, akalazwa, na wifi yake akamchukua mtoto wao wa kike akakae naye. Sasa mshonaji alikuwa amepona na kurudi kwenye cherehani yake, lakini wifi hakutaka kumwachia mtoto. Mahakama ikataka ripoti ya mtaalamu.

Kipimo kilikuwa kimefika nusu Bibi Daktari alipoanguka bafuni. Hakuamka.

Kimya aliijua sheria: asiyesajiliwa, akikosa msimamizi, hapimi mtu. Baada ya mazishi akawapigia wataalamu wengine. "Nimezidiwa, mdogo wangu," mmoja akamjibu. "Jaribu mwezi ujao." Kesi nayo ilikuwa wiki iliyofuata. Alipofungua mlango wa ofisi, mshonaji alikuwa ameshakaa kwenye benchi, amevaa gauni lake la kutokea.

"Leo tunamaliza, mwanangu?"

Kimya angeweza kumwambia waombe kesi iahirishwe. Alimtazama usoni, akamvutia kiti.

"Tunamaliza, mama."

Alipima kwa uangalifu, akaandika alichokiona: mama huyu ni mzima, anaweza kulea. Akasaini peke yake.

Mahakamani wakili wa wifi hakupandisha hata sauti. "Namba yako ya usajili?"

"Sijasajiliwa bado. Niko chini ya msimamizi."

"Yuko wapi?"

"Amefariki."

"Kabla ya kipimo hiki kukamilika, au baada?"

Kimya akainamisha kichwa. "Kabla."

Hakimu akavua miwani, akasema kwa upole kwamba ripoti hiyo hawezi kuipokea.

Ukumbini mshonaji alimshika mkono. "Basi mwingine anipime kesho. Maswali yenyewe si nayajua sasa?"

Hapo ndipo Kimya alipoona ukubwa wa alichofanya. Ilimbidi aeleze kwamba kwa sababu anayajua, majibu yake hayataaminika. Lazima muda upite.

"Muda gani?"

"Miezi, mama."

Katika miezi hiyo mume wa wifi alihamishwa kikazi, wakaondoka na mtoto kwenda mji wa mbali.

Baraza lilimwita Kimya. "Nilimwonea huruma," alisema, "na nilichoandika kilikuwa kweli."

"Pengine," mwenyekiti akajibu. "Lakini nani alikukagua? Na hakimu angejuaje?"

Usajili wake ukasogezwa mbele, akaanza upya chini ya msimamizi mwingine.

Mshonaji alipimwa na mtaalamu aliyesajiliwa, akaonekana mzima, kama Kimya alivyoandika. Mahakama ikaamuru arudishiwe mwanawe. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kumzoea shangazi yake. Aliletwa akilia, akawa anamwamkia mama yake mzazi kama mgeni.

Kimya alisikia, akaenda kumwomba radhi. Mshonaji alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Chumba cha pili mtoto alikuwa akicheza peke yake.

"Kinyongo sina," mshonaji alisema. "Ulinitakia mema, najua. Ila usije tena, mwanangu. Nikikuona, siku ile inarudi yote."

Kimya akasema amesikia. Akarudisha kiti ukutani, akatoka. Barabarani alitembea akipitwa na watu, na hakujua anakwenda wapi mpaka alipojikuta karibu na kwao.