Tangi Lilikuwa Baridi

Mhandisi alipogusa tangi la kioo, damu ilimchemka. Kioo kilikuwa baridi.

Tangi lile alilitengeneza mwenyewe. Maji yakichemka ndani, kamera hupiga picha mapovu yakipanda, na kompyuta hugeuza njia ya kila povu kuwa nambari. Hakuna aliyeweza kubashiri povu litapita wapi, hata yeye. Ndiyo maana watu wa mabondeni walikubali nyumba mpya za halmashauri zigawiwe kwa mapovu. Maji hayana mjomba ofisini, walitaniana.

Sasa nambari zilishasomwa ukumbini, na ya kwanza ilikuwa ya mdogo wake, mama wa watoto watatu anayeishi chumba kimoja kinachovuja. Vigelegele vilifika hadi nyuma ya jukwaa.

"Nani amezima hita?" alimuuliza mkurugenzi wa halmashauri.

"Punguza sauti, dada. Haikuwashwa kabisa. Niyaachie mapovu kazi yangu? Majina tulishayapanga." Akatabasamu. "Na wewe sikukusahau. Mdogo wako si kapata?"

"Umenihonga bila hata kuniuliza?"

"Nimekuheshimu."

"Umenitukana! Watu huko wanadhani wamekosa bahati, kumbe wamekosa kujuana na wewe!"

Akapanda jukwaani, akampokonya mshereheshaji kipaza sauti. "Droo hii ni ya uongo! Njooni mguse tangi!"

Walikuja, wakagusa, na ukumbi ukalipuka. Viti viliruka. Mkurugenzi alitoroka kwa mlango wa nyuma, koti likabaki mikononi mwa watu. Hita ikawashwa mbele ya macho yao, wakalizunguka tangi hadi maji yakatokota na nambari mpya zikatoka. Ya mdogo wake haikuwemo.

Alimkuta nje.

"Ungenyamaza tu, dada!"

"Ningekutazama vipi usoni?"

"Ungenitazama nikiwa na nyumba! Wanangu wanalala na ndoo kitandani, wewe unatetea mapovu?"

Hasira aliyokuwa nayo kwa mkurugenzi sasa ilimgeukia mhandisi mwenyewe, maana nusu ya moyo wake ilimpa mdogo wake haki.

"Njooni mkae kwangu," alisema hatimaye.

"Baki na huruma yako."

Mvua zilipozidi, mdogo wake alikuja na watoto na magodoro. Alipita mlangoni bila salamu.