Skonzi za Kurudi

Fundi Cheche alikuwa na mikono ya kuchomelea mageti, si ya kukanda unga, lakini asubuhi ile unga ulikuwa umempanda mpaka kwenye nyusi. Skonzi zilikuwa zimeshaiva. Sasa alikuwa akifunga chumvi ya mayai kwenye vikaratasi huku akimfokea paka asiye na kosa lolote. Ungemwona ungedhani anayesafiri ni yeye.

Aliyekuwa akisafiri ni binti yake, Nukta. Jina hilo alipewa siku ya kuzaliwa kwa udogo wake. Sasa ana miaka kumi na minne, kimo kimempita baba yake, na jina limegoma kutoka. Mama yake angempitia na gari wakapige kambi kando ya mto, wao wawili tu. Huko kambini mama angetaka jibu. Alikuwa amemwomba Nukta ahamie kwake, mji wa mbali anakofanya kazi ya maabara, asome huko huko. Akikubali, kambi ikivunjwa wangepitiliza moja kwa moja. Akikataa, angeshushwa hapa nyumbani. Fundi aliambiwa yote hayo kwa heshima, naye akajibu, "Mtoto aamue mwenyewe." Mdomo ndio uliosema. Moyo haukuulizwa.

Wazazi hawa hawakutengana kwa ugomvi. Afadhali wangegombana, watu wakawasuluhisha. Kazi ilimchukua mama Nukta mwezi, ikamchukua mwaka, mwishowe akawa anakuja nyumbani kwake akipiga hodi. Lakini zamani kambini walikuwa wakienda wote watatu. Fundi ndiye aliyelichomelea sanduku la chakula, la bati, lenye vishikio viwili. Mama Nukta ndiye aliyeitunga sheria ya kulipakia: cha kuliwa mwisho kinatangulia chini, cha kuliwa kwanza kinakaa juu, ili msifukue sanduku zima kwa ajili ya yai. Na chini kabisa lilikaa kopo la skonzi za kurudi, moja kwa kila mtu, haliguswi mpaka hema likunjwe. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani," angesema akilisukuma kopo kule chini, na Fundi angecheka kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anausikia msemo huo. Angetoa chochote kile ausikie tena ndani ya jiko hili.

Nukta aliingia kamba za viatu zikiburuta, akafunua sanduku, akalitazama kwa muda.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Umepakia kinyume."

Fundi alichungulia. Mayai na viazi vya kula njiani vilikuwa vimezikwa chini ya mchele na maharage, na juu ya vyote limekaa kopo la skonzi za kurudi. Yeye, aliyelipakia sanduku hilo miaka nenda miaka rudi! Tangu alfajiri alikuwa akiwaza kurudi tu, basi mikono nayo ikaweka kurudi mbele.

"Uzee huo," alisema.

"Uzee gani, na juzi umepanda paa la jirani?"

Walicheka kidogo, kisha Nukta akaanza kutoa vitu na kuvipanga mezani. Alipofika kwenye kopo akalifungua. Skonzi zilikuwa tatu.

"Tatu, Baba. Na tunakwenda wawili."

"Mkono umezoea," Fundi alijibu, akajitia kumtafuta paka.

Nukta alitoa skonzi moja akaiweka kwenye sahani. Akafikiri. Akatoa ya pili, akaiweka kando ya ile ya kwanza, akazifunika zote mbili kwa bakuli.

"Ile yako. Hii yangu, nitakuja kuila hapa, na chai. Usiziguse mpaka nirudi. Sheria ni sheria."

Fundi alisahau paka. "Na mama yako?"

"Nitamwambia mwenyewe, tukiwa huko. Likizo nitakwenda kwake, kila likizo. Lakini nyumbani ni hapa, Baba."

Maneno hayo Fundi alikuwa ameyaomba usiku na mchana, na aliamini yakija ataruka mpaka dari. Hakuruka. Alilitazama kopo, na ile skonzi moja iliyobaki ndani. Akamwona akilini mama Nukta akiwa amemshusha mtoto, amebaki na barabara ndefu, anafungua kopo kwa mkono mmoja. Alimpenda mwanamke yule. Baada ya hodi zote zile bado alimpenda, na kumkosa kulimuuma vilevile kama mwaka wa kwanza.

Alifunua bakuli, akachukua skonzi yake, akairudisha koponi.

"Sasa wewe utakula nini?" Nukta aliuliza.

"Tutagawana yako. Mama yako safari yake ni ndefu."

Wakapakia upya, kopo likitangulia.

Honi ililia. Mama Nukta alipiga hodi, akakaribishwa, akasimama mlangoni pa jiko akivuta harufu.

"Umeoka mwenyewe, baba Nukta?"

"Nimejaribu."

Dirishani Fundi alikuwa ameshaona kiti cha nyuma cha gari kitupu. Nipelekeni na mimi, alitaka kusema. Mama Nukta alishika kishikio kimoja cha sanduku, yeye akashika cha pili, wakalitoa nje wakienda sawa kama zamani, bila kuambizana lini wainue na lini watue.

"Za kurudi umeweka?" mama Nukta aliuliza.

"Zipo ngamani."

Alicheka, kicheko kile kile. "Ngapi?"

"Mbili."

Mama Nukta alimtazama binti yake, akamtazama Fundi, na uso wote ukamfunguka. Alikuwa amehesabu moja yake, moja ya mtoto, mpaka kule mji wa mbali, akadhani mtoto amekubali na baba amemruhusu. Akaushika mkono wa Fundi, na unga wake, akaubana. "Ahsante," alisema. "Najua si rahisi."

Nukta alifumbua mdomo. Baba yake akamtikisia kichwa polepole: huko, mwanangu, si hapa. Mkono alikuwa hajashikwa hivyo kwa miaka. Alijua ameshikwa kwa hesabu iliyokosewa, na hakuutoa. Alingoja mpaka mama Nukta autoe mwenyewe.